Bei ya Akili: Kutoka Laetoli hadi Darasani

Ubongo wa mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili wake. Mwili huo ukilala chali bila kufanya kazi yoyote, ubongo peke yake hula karibu asilimia 20 ya nishati yote inayotumika. Haupumziki usiku, haupunguzi sana matumizi yake wakati wa njaa, wala hauna ghala la akiba: ukikosa damu kwa dakika chache tu, seli zake huanza kufa. Historia ya kiungo hiki husimuliwa mara nyingi kama msafara wa ushindi, kuanzia shoka la jiwe hadi chombo cha anga, na ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Lakini daftari lina kurasa mbili. Ukurasa wa mapato umesomwa sana. Ukurasa wa matumizi haujasomwa vya kutosha, na walioandikwa humo ni akina mama, mabibi na watoto wachanga.

Mwanzoni kabisa akili haikuwamo katika habari hii. Mwaka 2001, katika jangwa la Djurab nchini Chad, lilipatikana fuvu la kiumbe aliyepewa jina la Sahelanthropus, aliyeishi miaka ipatayo milioni 7 iliyopita. Ubongo wake haukuzidi ule wa sokwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika vilima vya Tugen, Baringo, watafiti walikuwa wamekuta mifupa ya paja yenye umri wa miaka milioni 6, ambayo wengi huisoma kuwa ya kiumbe aliyeweza kusimama wima. Kisha kuna Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa juu ya jivu bichi la volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kimezama, uvungu wa wayo umeinuka, kidole gumba kimelala sambamba na vingine. Mtu asiyejua umri wake angesema ni nyayo za wanakijiji waliopita baada ya mvua. Wenye nyayo hizo walikuwa na ubongo wa karibu nusu lita au pungufu, ilhali wetu ni lita moja na theluthi hivi. Lucy wa Hadar, aliyepatikana mwaka 1974 na ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, alikuwa wa jamii hiyohiyo.

Kwa muda wa miaka milioni tatu na zaidi, basi, zamadamu walitembea kwa miguu miwili bila kichwa kuongezeka kitu. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kutembea wima kulifupisha mifupa ya nyonga na kuikunja ikawa kama bakuli la kushikilia matumbo, na njia ya uzazi ikapata umbo jipya kabla kichwa kikubwa hakijapita humo hata mara moja. Mlango ulijengwa kabla ya kujulikana ukubwa wa atakayepita.

Kati ya miaka milioni 3 na milioni 2 iliyopita, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilizidi kuwa kavu na yenye kuyumba. Misitu ikarudi nyuma, nyasi zikasonga mbele, matunda na majani laini yakaadimika. Zamadamu waliikabili hali hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua kupitia fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, likaitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu. Taya lake la chini halikuwapo. Taya la mwenzake lilikuja kuonekana mwaka 1964 huko Peninj, kando ya Ziwa Natron, na aliyeliona ni Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye macho yake yaliipatia elimu ya chimbuko la binadamu mengi kuliko maabara kadhaa. Magego ya jamii hiyo yalikuwa mapana mno, na misuli ya kutafunia ilishika hadi utosini. Zinj aliushinda ukame kwa kutafuna. Ubongo wake ulibaki nusu lita, na jamii yake ikaishi zaidi ya miaka milioni moja, muda unaozidi mara tatu umri wa jamii yetu hadi leo. Asidharauliwe. Kama kipimo ni kudumu duniani, bado hatujamfikia.

Njia ya pili ilikuwa kutafuna nje ya kinywa. Huko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, zimepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3, na huko Gona, Ethiopia, za miaka milioni 2.6. Jiwe lenye makali hukata ngozi ya mnyama, jiwe zito huvunja mfupa, na ndani ya mfupa mna uboho, mafuta yanayoshibisha kuliko kapu zima la majani. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimtangaza Homo habilis wa Olduvai, mwenye ubongo uliozidi mililita 600. Kuanzia hapo ukubwa unapanda. Ieleweke kwamba jiwe la Lomekwi limetangulia kichwa hicho kwa mamia ya maelfu ya miaka: mikono na shibe vilianza, kichwa kikafuata.

Agosti 1984, kandokando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na changarawe iliyokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa karibu yote ya mvulana aliyekufa miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Kwa ushahidi wa meno alikuwa na umri wa miaka minane au tisa tu, lakini alikwisha fikia kimo cha takriban mita 1.6. Miguu mirefu, mikono mifupi, mwili wa mkimbiaji wa nyika: huyo ni Homo erectus, na kuanzia shingoni kwenda chini angetembea sokoni Lodwar bila kushangaza sana. Ubongo wake ulikuwa mililita 880, karibu mara mbili ya ule wa Lucy.

Kiungo kilichokua hivyo kinahitaji mlipaji, na wataalamu wamebishana juu ya mlipaji huyo kwa miongo mitatu. Mwaka 1995 Leslie Aiello na Peter Wheeler walitoa hoja kwamba utumbo ndio uliopunguzwa: utumbo nao hula nishati nyingi, na wa binadamu ni mfupi ukilinganishwa na wa sokwe, kwa hiyo chakula bora kiliruhusu tumbo kupungua ili kichwa kipewe. Hoja ilipendwa kwa sababu hesabu yake ilifunga vizuri. Mwaka 2011 Ana Navarrete na wenzake walipima wanyama wa jamii 100 wanaonyonyesha, wala hawakuona kwamba mwenye ubongo mkubwa huwa na utumbo mdogo. Richard Wrangham, aliyewahi kuwafuatilia sokwe wa Gombe kabla ya kwenda Kibale, Uganda, alisema mlipaji ni moto: chakula kilichopikwa hutoa nishati zaidi kwa kazi ndogo ya kutafuna na kusaga. Mashaka ni kwamba dalili zilizo wazi za moto, zile za pango la Wonderwerk nchini Afrika Kusini, ni za miaka milioni 1 tu, nazo alama za kale zaidi za Koobi Fora, Kenya, bado zinabishaniwa. Kisha mwaka 2016 Herman Pontzer na wenzake wakaonyesha kwamba binadamu huunguza takriban kilokalori 400 kwa siku zaidi ya sokwe wa ukubwa unaolingana naye.

Kipimo hicho cha mwisho kimenikaa akilini kuliko vingine. Kinaonyesha kwamba mwili wetu haukutosheka na kumnyima mmoja ili kumpa mwingine, bali ulipandisha bajeti yote. Mwenye bajeti kubwa, mvua ikikosekana, huumia mapema. Ndiyo maana binadamu, mwembamba machoni mwetu, ni mnyama wa mafuta: mtoto wetu huzaliwa na mafuta yafikayo asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake, wakati watoto wa sokwe huzaliwa wamekondeana. Mashavu yale ambayo mabibi huyabana kwa mapenzi ni ghala la chakula cha ubongo, lililowekwa na mama kutoka mwilini mwake katika miezi ya mwisho ya mimba.

Na hapo ndipo mlipaji mwingine anapoingia, ambaye vitabu vya shule havimtaji. Sokwe jike huzaa mara moja kila miaka mitano au sita, kwa sababu humlea mwanawe peke yake hadi ajitegemee. Binadamu, ambaye mtoto wake ana gharama kubwa zaidi na hukua polepole zaidi, angetarajiwa kuzaa kwa nafasi kubwa zaidi. Kinyume chake, hata miongoni mwa watu wanaoishi kwa kuwinda na kuokota, wanawake huzaa kila baada ya miaka mitatu hivi. Hesabu hii haiwezekani bila mkono wa pili.

Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadza, wawindaji na waokotaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wakipima nani huleta nini kambini. Walitegemea kuwaona wawindaji. Wakawaona wanawake wazee, waliokwisha koma kuzaa, wakichimba viazi mwitu kwenye ardhi ngumu kwa miti iliyochongwa ncha, saa baada ya saa, wakati mwingine zaidi ya mabinti zao. Mama akiwa na mtoto mchanga anayenyonya, uzito wa yule mkubwa aliyeachishwa ziwa ulifuata jitihada za bibi yake. Kutokana na hayo Hawkes alijenga hoja kwamba maisha marefu baada ya uzazi kukoma yalijengeka kwa sababu mabibi waliwabeba wajukuu. Hoja ina wapinzani, na mwaka 2023 watafiti wa Ngogo, katika msitu wa Kibale, walitangaza kwamba baadhi ya sokwe jike nao huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, ingawa huko hawaishi na mabinti wao wala hawasaidii kulea wajukuu. Lakini lile la msingi halijatikisika: mkono mmoja haulei mwana, na haukuwahi kumlea tangu mwana huyo apate kichwa kikubwa. Huko Dmanisi, Georgia, kuna fuvu la miaka milioni 1.77 la mzee aliyepoteza meno yote, akabakiwa na moja, muda mrefu kabla ya kufa. Mifupa ya taya ilikwisha jifunga na kulainika. Katika baridi ya milima ile, ama alipata mtu wa kumpondea chakula, ama aliweza kukiponda mwenyewe kwa mawe miongoni mwa watu waliomvumilia.

Kati ya miaka 800,000 na 200,000 iliyopita ubongo ulikua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine, na hapo ndipo ule mlango wa Laetoli ulipodai bei yake. Sokwe hutoka tumboni kwa nafasi. Mtoto wa binadamu hana budi kujizungusha njiani, kichwa kikiingia upande mmoja na mabega yakigeuka baadaye, na mara nyingi hutoka uso ukitazama mgongoni mwa mama, hata mama asiweze kumvuta kwa usalama kwa mikono yake mwenyewe. Mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana. Utosi uko wazi, ukipigapiga chini ya ngozi, ili kichwa kiweze kubanwa. Mwaka 1960 Sherwood Washburn alieleza hali hii kuwa mvutano wa mambo mawili, nyonga ya kutembelea na kichwa cha kufikiria, na kwamba suluhisho likawa kuzaa mtoto kabla hajakomaa. Mwaka 2012 Holly Dunsworth na wenzake walileta maelezo mengine: kinachoamua siku ya kuzaa ni uwezo wa mama, ambaye kufikia mwezi wa tisa mwili wake umefika ukomo wa kulisha wawili. Kwa maelezo yoyote kati ya hayo, mtoto huzaliwa na ubongo usiofika theluthi moja ya ule atakaokuwa nao ukubwani, akiwa hawezi kujishikilia kwa mama wala kutambaa.

Kutokana na hayo ikazaliwa kazi ya kale kuliko zote za kusaidiana, kazi ya mkunga. Wanyama wengi hujificha wanapozaa. Binadamu huita mtu. Tena gharama hii haijapita na zama zake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 260,000 walikufa mwaka 2023 kwa sababu za ujauzito na uzazi, na kama asilimia 70 kati yao walikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi huuawa na kutoka damu, shinikizo la damu na maambukizi, mambo yanayozuilika hospitalini. Wengine ni wale ambao mtoto alikwama. Kati ya wanaopona baada ya kukwama huko wapo waliobaki na fistula, wakivuja mkojo na kutengwa na waume na majirani, kwa kosa la kuwa na mifupa ya binadamu mahali ambapo hapana chumba cha upasuaji karibu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakuwa na habari za visukuku, lakini walijua nani amelipa.

Kupanda kwa ubongo hakukuwa amri isiyozuilika. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 2003 katika pango la Liang Bua yalipatikana mabaki ya watu wenye kimo cha mita moja na ubongo wa mililita 400 hivi, waliotengeneza zana za mawe na kuishi hadi miaka ipatayo 50,000 iliyopita. Wataalamu wengi huona kwamba wahenga wao walikuwa na vichwa vikubwa zaidi, navyo vikapungua kisiwani. Na Waneanderthali wa Ulaya walikuwa na ubongo sawa na wetu au kuuzidi kidogo, katika miili mizito iliyohitaji nyama nyingi kila siku. Walitoweka miaka kama 40,000 iliyopita. Kichwa kikubwa hakikuwaokoa.

Jamii yetu yenyewe inaonekana Jebel Irhoud, Morocco, miaka 300,000 iliyopita, na Omo Kibish, Ethiopia, miaka isiyopungua 230,000. Karibu na zama hizo, huko Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, mashoka makubwa ya mkono yaliyokuwa yametengenezwa kwa namna ileile kwa mamia ya maelfu ya miaka yanatoweka, na kufikia miaka 320,000 iliyopita mahali pake pana ncha ndogo nyembamba, mawe ya rangi, na jiwe la kioo cha volkano lililotoka umbali wa kilomita 25 hadi 90. Mtu hatembei umbali huo kufuata jiwe katika nchi ya wengine bila kujuana nao. Akili ilikuwa imeanza kuenea nje ya fuvu, katika ujamaa wa watu wasiokaa pamoja.

Mwaka 2018 timu mbili za wanasayansi zilieleza jeni ziitwazo NOTCH2NL, ambazo binadamu anazo na sokwe hana kwa namna inayofanya kazi. Zilitokana na kunakiliwa kwa kipande cha kromosomu ya kwanza miaka milioni tatu au nne iliyopita, na huchelewesha ukomavu wa seli changa za ubongo ili zizidi kuongezeka. Hiyo ni faida. Lakini kunakiliwa kulekule kuliacha eneo hilo likiwa na vipande vinavyofanana mno, na mwili hukosea mara nyingine unapovipanga. Kipande kikipungua, huhusishwa na vichwa vidogo na skizofrenia. Kikizidi, huhusishwa na vichwa vikubwa na usonji. Familia inayomlea mgonjwa wa namna hiyo, na kuambiwa na majirani kwamba amerogwa, inabeba sehemu ya gharama ambayo binadamu wote tumekopeshwa.

Kuna gharama nyingine isiyopimika kwa kilokalori. Katika Panga ya Saidi, pango la chokaa lililo Kilifi, si mbali na bahari, watafiti walifukua shimo dogo lililochimbwa makusudi miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa laini kama vumbi, ikabidi ibebwe pamoja na udongo wake kwenye plasta, kwanza hadi Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha hadi Burgos, Hispania, ili ifunguliwe taratibu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi mifupa ya shingo na bega ilivyolala ilionyesha kwamba alikuwa amefungwa ndani ya kitu, labda majani au ngozi, na kichwa kimeegeshwa juu ya kitu kilichooza zamani, mfano wa mto. Wanasayansi walipotangaza habari zake mwaka 2021 walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Ndilo kaburi la kale kuliko yote ya jamii yetu yanayojulikana barani Afrika. Kila nikisoma habari za mto ule huwaza mikono iliyouweka. Sokwe mama aliyefiwa hubeba maiti ya mwanawe kwa siku nyingi, kwa hiyo si kwamba huzuni ni yetu peke yetu. Lakini kumwekea kichwa mahali laini mtu unayejua hatasikia, kunataka akili yenye kuona mbele na nyuma kwa pamoja, na akili hiyo haiachi kuona inapotaka kulala.

Zama za maandishi ni fupi mno zikilinganishwa na hizo. Yalianza Uruk, nchi ya Iraki ya leo, karibu mwaka 3300 kabla ya Kristo, kwa kuhesabu nafaka na mifugo. Kufikia karne ya 4 kabla ya Kristo, Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaedrus, alimsimulia mfalme wa Misri aliyeyakataa maandishi kwa hofu kwamba wayatumiao wataacha kukumbuka. Pwani yetu ilipata herufi za Kiarabu pamoja na Uislamu, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unaonyesha sanaa iliyokwisha komaa. Tena hofu ya mfalme yule haikutimia hapa kwa ukamilifu, kwa sababu chuoni mtoto aliendelea kuhifadhi Kurani moyoni huku akijifunza kuiandika kwenye ubao. Mahafidhi na waandishi waliishi mtaa mmoja. Hata hivyo kusoma hakuji bure. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake waliwalinganisha watu wazima wa Brazili na Ureno, waliosoma na wasiosoma, wakaona kwamba herufi huchukua nafasi katika sehemu ya kushoto ya ubongo iliyokuwa ikishughulikia, pamoja na mambo mengine, nyuso za watu. Ubongo haukui ili kupokea maandishi, huhamisha wakaaji.

Shule ya kila mtoto ni ya juzi. Tanzania ilitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Azimio la Musoma la 1974 likafungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977. Matokeo ya jitihada za namna hiyo yalipimwa huko Embu, Kenya. Watoto wa mwanzo wa shule walipewa mtihani wa kutambua mifumo ya michoro mwaka 1984, na wengine wa eneo lilelile mwaka 1998. Katika miaka hiyo 14 alama zilipanda sana. Watafiti waliona wazazi wengi zaidi waliojua kusoma, familia zenye watoto wachache zaidi, chakula na afya bora zaidi. Kupanda huko kulikuwa kumeonekana katika nchi za viwanda tangu mwanzo wa karne ya 20, na hupewa jina la James Flynn aliyekuonyesha miaka ya 1980. Huko Norwe, kwa waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970, alama zimeshuka, hata kati ya ndugu wa nyumba moja, jambo linaloonyesha kwamba chanzo ni mazingira na si damu.

Utafiti wa pili wa Kenya hutajwa mara chache, nami naona una uzito sawa. Huko Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, Robert Sternberg na wenzake, katika matokeo ya mwaka 2001, waliwapima watoto Wajaluo kwa mitihani ya kishule na pia kwa maarifa ya dawa za asili za minyoo na maradhi mengine yaliyowasumbua. Waliotarajia kwamba mwerevu wa jambo moja atakuwa mwerevu wa lingine walikuta kinyume: waliofanya vizuri katika maarifa ya dawa walielekea kufanya vibaya zaidi katika msamiati wa shuleni. Sababu inaeleweka na yeyote aliyekulia kijijini. Mzazi aliyemwona mwanawe ana njia ya kwenda mjini hakumpoteza porini na mzee wa mitishamba. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyeonyeshwa mizizi. Wajaluo wenyewe, walipoulizwa, walitaja maneno manne yanayogusa akili: rieko, luoro, paro na winjo. La kwanza ni ujuzi, na shule hupima hilo peke yake; mengine yanahusu heshima, kujituma na kuelewa jambo linalotaka kufanywa. Waswahili tuna methali isemayo akili nyingi huondoa maarifa. Watoto wa Usenge hawakupoteza maarifa kwa wingi wa akili. Saa za mchana zilikuwa hazitoshi kwa walimu wawili.

Leo mlipaji wa mwisho ni mtoto mwenyewe. Mwaka 2014 Christopher Kuzawa na wenzake walionyesha kwamba karibu na umri wa miaka mitano ubongo hula nishati inayolingana na theluthi mbili ya ile ya mwili uliopumzika, na kwamba ndipo mwili unapokua polepole kuliko wakati wowote wa utoto. Kimo husubiri kichwa kishibe. Chakula kisipotosha kwa vyote viwili tangu tumboni, huja udumavu, ambao katika takwimu za taifa za mwaka 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania na asilimia 18 nchini Kenya, na ambao Burundi unawapata zaidi ya nusu. Mwili hujaribu kukilinda kichwa, wala haufaulu daima.

Katika shule nyingi za vijijini wazazi huchanga mahindi na kuni, na mwanamke mmoja wa kijiji, mara nyingi wa makamo, huamka kabla ya kengele kukoroga uji. Saa nne watoto wa darasa la awali hupanga mstari na vikombe vya plastiki. Wale ambao kwao hakukuchangwa kitu msimu huu hubaki chini ya mwembe, wakichora ardhini kwa vijiti, mpaka wenzao wamalize.